Usalama wa Msemaji katika Warsha za Kujenga Timu Kazini: Umahiri wa Mwezeshaji katika Taasisi za Tanzania Zinazotumia Kiswahili

Ikisiri

Makala haya yanaeleza namna mtu anavyokuwa mwezeshaji mahiri wa warsha za kujenga timu kazini, kwa kurejelea taasisi za Tanzania ambazo shughuli zake huendeshwa kwa Kiswahili. Hoja inayojengwa ni kwamba sehemu kubwa ya nadharia wanazozitegemea wawezeshaji ilitokana na vikundi vya watu wasiokuwa chini ya mkuu mmoja wa kazi, ilhali washiriki wa warsha ya kazini hurejea Jumatatu katika ofisi ileile na kwa mkuu yuleyule. Kwa sababu hiyo, umahiri wa mwezeshaji unapaswa kupimwa kwa uwezo wake wa kupata ukweli unaoweza kufanyiwa kazi, bila kumwacha peke yake mtumishi aliyeusema.

1.0 Utangulizi

Warsha ya kujenga timu imekuwa jambo la kawaida katika taasisi nyingi za umma na binafsi nchini Tanzania. Watumishi husafirishwa hadi ufukweni Kigamboni au Bagamoyo, hupewa fulana za rangi moja, huvuta kamba, hukimbia na magunia, husikiliza mada mbili tatu, hupiga picha ya pamoja na mgeni rasmi, kisha hurejea mjini jioni. Hakuna ubaya katika siku ya namna hiyo. Watu waliokuwa wakisalimiana kwa mbali hupata kufahamiana, na kicheko kina thamani yake. Ubaya huanza pale siku hiyo inapoandikwa kwenye taarifa kuwa ndiyo utatuzi wa mgogoro wa idara. Wanaofuatilia mashindano ya SHIMIWI wanajua kuwa hata kuvuta kamba kwenyewe ni kazi ya timu inayojifua kwa muda mrefu. Nusu saa ya mchangani haitoshi kumfanya mhasibu amwelewe afisa ugavi.

Tafiti jumuishi zinaunga mkono tahadhari hiyo. Salas na wenzake (1999) walipounganisha matokeo ya tafiti zilizokuwapo, hawakuona athari ya jumla yenye uzito ya shughuli za kujenga timu katika utendaji wa kazi. Kipengele kilichoonesha dalili ya kuongeza utendaji kilikuwa ni kubainisha majukumu ya kila mmoja. Miaka 10 baadaye, Klein na wenzake (2009) walipata picha yenye matumaini zaidi: shughuli hizo zina athari ya wastani, hasa katika hisia za wanatimu na namna wanavyofanya kazi pamoja, na vipengele vilivyoongoza vilikuwa kuweka malengo na, kwa mara nyingine, kubainisha majukumu.

Inafuata kwamba sehemu ya warsha yenye tija kubwa ni ile ambayo watu huulizana nani anafanya nini, lini na kwa nini. Lakini sehemu hiyo ndiyo inayouma. Kusema waziwazi kwamba jalada hukwama mezani kwa fulani ni kumtaja fulani, na mara nyingi fulani ni mkubwa wa anayesema.

2.0 Asili ya Mbinu na Pengo Lake

Historia ya warsha za aina hii kwa kawaida huanzia kwa Kurt Lewin. Mwaka 1946, katika mji wa New Britain, jimbo la Connecticut nchini Marekani, Lewin na wenzake waliendesha mafunzo ya viongozi wa jamii kuhusu mahusiano baina ya makundi. Jioni watafiti walikutana kujadili waliyoyaona mchana, na baadhi ya washiriki wakaomba kuhudhuria. Waliposikia wakizungumziwa, waliyakubali baadhi ya mambo na kuyapinga mengine, na ubishi huo ukawa somo lenye nguvu kuliko lile lililopangwa. Lewin alifariki mapema mwaka 1947. Mwaka huohuo wenzake walianzisha mafunzo ya kiangazi huko Bethel, jimbo la Maine, ambako kikundi kilijifunza kwa kujitazama chenyewe. Mazoezi mengi yanayofanywa leo katika kumbi za hoteli, ikiwa ni pamoja na lile la kila mmoja kumwambia mwenzake jinsi anavyomwona, yana mizizi huko.

Jambo lisilotajwa mara nyingi ni kwamba mafunzo ya mkondo huo, kwa kiasi kikubwa, yaliwakusanya watu wasiofahamiana. Walikaa pamoja mbali na ofisi zao, wakaambiana ukweli, kisha kila mmoja akarejea kwao. Ukweli wa namna hiyo una gharama ndogo. Tuckman (1965), ambaye hatua zake nne za kuundwa, kuvurugana, kukubaliana na kutenda zimo karibu katika kila kabrasha la uwezeshaji, alizipata kwa kupitia machapisho 50, mengi yakihusu vikundi vya tiba ya kisaikolojia na vya mafunzo ya aina hiyo ya Bethel. Yeye mwenyewe alikiri kwamba sampuli hiyo haikuwa na uwiano. Baadaye, pamoja na Jensen (1977), aliongeza hatua ya tano, yaani kuagana. Mwezeshaji anayesubiri hatua ya kuvurugana ijitokeze ukumbini, mbele ya mkuu wa idara anayejaza tathmini za utendaji za washiriki wote, anaweza kuisubiri hadi astaafu. Mvurugano upo, ila umehamia koridoni na katika lile kundi la WhatsApp ambalo mkuu hakuunganishwa.

Aliyeliweka jambo hili wazi ni Edmondson. Katika uchunguzi wa wodi za hospitali uliochapishwa mwaka 1996, alitarajia kuwa wodi zenye timu nzuri zingekuwa na makosa machache ya dawa. Takwimu zilionesha kinyume: timu nzuri ziliripoti makosa mengi zaidi. Maelezo aliyoyafikia ni kwamba katika wodi hizo watu hawakuogopa kusema. Miaka mitatu baadaye, akichunguza timu 51 katika kampuni moja ya uzalishaji (Edmondson, 1999), alilipa jambo hilo jina la usalama wa kisaikolojia, yaani imani ya wanatimu kwamba mtu hataadhibiwa wala kudhalilishwa kwa kuuliza, kukosoa au kukiri kosa. Kwa mwezeshaji, fundisho lake ni kwamba ukimya wa ukumbi hausomeki kama dalili ya amani. Idara isiyo na malalamiko hata moja ndiyo inayostahili kutazamwa kwa makini zaidi.

Ni kosa, hata hivyo, kudhani kuwa uwezeshaji uliingia Tanzania pamoja na washauri wa kigeni. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 iliwafikia watu wapatao milioni 2 kupitia vikundi vya kusikiliza redio, vikiongozwa na viongozi wa vikundi wapatao 75,000 waliopewa mafunzo mafupi. Kiongozi wa kikundi hakutarajiwa kuwa mwalimu. Kazi yake ilikuwa kuhakikisha wanakikundi wamesikiliza kipindi, wamesomewa kijitabu, wamejadiliana, na wameamua la kufanya: kuchimba choo, kufyeka vichaka, kufukia madimbwi. Mjadala uliokwisha bila uamuzi ulihesabika kuwa haujakamilika. Kigezo hicho ni kikali kuliko vingi vinavyotumika sasa, ambapo warsha huhesabiwa kufaulu kwa sababu washiriki wamejaza fomu ya tathmini kwa alama za juu.

3.0 Kazi Inayotangulia Ukumbi

Mwezeshaji anayeanza kazi asubuhi ya warsha amechelewa. Kwanza anapaswa kukaa na anayelipa na kumuuliza mambo mawili: ni kitu gani kifanyike tofauti baada ya warsha, na mkuu atafanya nini akisikia jambo asilolipenda. Jibu la swali la pili lina uzito kuliko la kwanza. Mkuu anayejibu kwamba ofisi yake haina siri na kila mtu yuko huru kusema, huku katibu muhtasi wake akiwa ameinamia meza, ametoa taarifa ya kutosha.

Wapo waajiri wanaotaka warsha iwasaidie kuwatambua wakorofi. Kazi ya namna hiyo inapaswa kukataliwa, hata kama malipo yake ni mazuri. Yapo pia mambo yasiyokuwa ya warsha. Madai ya stahiki, upandishwaji madaraja na masharti ya ajira yana vyombo vyake, na baraza la wafanyakazi, lililoanzishwa kwa Waraka wa Rais Na. 1 wa mwaka 1970, ni mojawapo. Mwezeshaji anayeyaruhusu madai hayo yajae ukumbini huwapa watumishi tumaini asiloweza kulitimiza, na wakati huohuo humpa mwajiri kisingizio cha kutoitisha baraza. Anachopaswa kufanya ni kuyaandika kwenye karatasi ya pembeni ya bango kitita, kueleza mbele ya wote chombo kinachohusika, na kurejea kwenye mada.

Baada ya makubaliano hufuata mahojiano ya faragha na kila mshiriki, dereva na mhudumu wa ofisi wakiwamo. Wawezeshaji wengi huyaruka, wakitegemea kadi zisizo na majina siku ya warsha. Katika idara ya watu wanane, kadi isiyo na jina ina mwandiko, na mwandiko hujulikana. Ni salama zaidi mwezeshaji ayakusanye maelezo mwenyewe, ayaunganishe, ayaandike upya kwa lugha yake, na aingie ukumbini na hoja tano au sita ambazo hakuna anayeweza kuzidai wala kushutumiwa kwazo.

4.0 Lugha ya Ukumbini

Kiswahili cha ofisini kina namna nyingi za kusema jambo bila kulisema. Neno changamoto ndilo linaloongoza. Zamani lilibeba maana ya jambo linalomchochea mtu ajitahidi. Leo limekuwa pazia la kila tatizo, kuanzia ukosefu wa karatasi hadi ubadhirifu. Mshiriki akisema kuna changamoto ya mawasiliano, hakuna aliyetajwa, hakuna tarehe, na hakuna wa kujibu. Vivyo hivyo kwa imeonekana, inasemekana, na naunga mkono mchangiaji aliyetangulia. Mwezeshaji akiuliza kama watu wako pamoja, ukumbi hujibu kwa sauti moja kwamba uko pamoja. Jibu hilo halithibitishi chochote zaidi ya kwamba watu hawajalala. Ni ile hali ya kufunika kombe mwanaharamu apite, na katika warsha mwanaharamu ni mwezeshaji mwenyewe.

Kulifunua kombe kwa nguvu hakusaidii. Anayemshinikiza karani ataje jina mbele ya mkuu wake anamweka hatarini kwa manufaa ya zoezi. Njia yenye tija ni kuhamisha swali kutoka kwa mtu hadi kwa kazi. Tuchukue mfano wa kubuni wa idara moja katika halmashauri ya wilaya, ambayo kila mmoja ndani yake anasema kuna changamoto ya mawasiliano. Mwezeshaji anawaomba wafuatilie karatasi moja tu: ombi la matairi ya gari la idara. Dereva anaandika kwenye kadi siku aliyotoa taarifa. Karani wa masjala anaandika siku aliyofungua jalada. Mwandishi wa dokezo sabili anaandika yake, afisa ugavi yake, mhasibu yake. Kadi zinabandikwa ukutani kwa kufuatana, na chini ya kila moja kunaandikwa idadi ya siku na kile ambacho mwenye kadi alikihitaji kutoka kwa aliyemtangulia.

Ukuta ukikamilika, unaonesha kwamba afisa ugavi, ambaye wengi walimdhania mzembe, alikaa na ombi hilo siku moja. Siku 11 zilipita likiwa mezani kwa mkuu wa idara, aliyekuwa safarini bila kumteua kwa maandishi mtu wa kukaimu. Hakuna aliyemshtaki mkuu. Yeye mwenyewe ameusoma ukuta sawa na wengine, na swali lililobaki ni la utaratibu: akisafiri, nani anakaimu na kwa mipaka ipi? Hapo majukumu yamebainishwa kwa namna ambayo Klein na wenzake wangeitambua, na dereva aliyeanzisha mnyororo hakulazimika kusema neno lolote zaidi ya tarehe. Zoezi hilo huchukua saa mbili au tatu, nalo huhitaji mwezeshaji mwenye subira ya kungoja mtu akumbuke tarehe. Anayejaza kila ukimya kwa kichangamsho cha kupiga makofi hawezi kuliendesha.

Suala la heshima linadai uangalifu wa namna nyingine. Mazoezi mengi ya kigeni huanza kwa kuwataka watu waitane kwa majina ya kwanza, kwa dhana kwamba vyeo vitayeyuka. Katika ofisi ambayo mwanamke wa makamo huitwa Mama Fulani kwa jina la mtoto wake, na mhasibu mzee huitwa Mzee au Babu, amri hiyo haiondoi cheo. Vijana huacha kabisa kuwaita wakubwa wao, yaani huacha kuwasemesha. Mwezeshaji mwenye busara huacha watu waitane wanavyoitana na kutafuta nguvu iliyomo ndani ya mfumo huohuo. Mkuu wa idara mwenye miaka 34 humwamkia shikamoo dereva mwenye miaka 57 kabla ya kumpa maagizo ya safari. Ngazi ya umri na ngazi ya cheo zinapishana, na katika mapishano hayo dereva ana nafasi ya kusema jambo ambalo ofisa kijana hawezi kulisema. Kuketisha vikundi vidogo kwa kuzingatia hilo, kwa mfano kumpa mtu mzima wa cheo cha chini kazi ya kuwasilisha, huzaa mengi bila kumvunjia mtu yeyote heshima.

Utani nao ni eneo linalovutia na lenye mitego. Radcliffe-Brown (1940) aliueleza uhusiano wa utani kuwa ule ambao mtu anaruhusiwa, na pengine anatakiwa, kumtania mwenzake naye asikasirike, na Moreau (1941) aliuandika kwa kina kuhusu Tanganyika. Mtani huweza kuwatania wafiwa msibani, nao hulipokea kama haki yake. Ofisini, mtumishi ambaye ni mtani wa mkuu wake huweza kumwambia kwa kicheko kwamba ofisi yake imekuwa kaburi la majalada, na wote wakaelewa. Mwezeshaji anapaswa kuusikiliza utani huo kwa makini, kwani mara nyingi ndiyo sentensi ya kweli ya kwanza kutamkwa siku hiyo. Hata hivyo, hafai kuugeuza zoezi. Utani ni mali ya wenye uhusiano, unawaacha nje wasiokuwa na mtani, na ukilazimishwa hugeuka haraka kuwa kashfa ya kikabila au udhalilishaji wa wanawake uliovishwa kicheko.

Lugha ya maandishi pia huchagua nani aseme. Slaidi zikiwa kwa Kiingereza, madereva, wahudumu na walinzi hubaki watazamaji, na baadhi ya maofisa hujificha nyuma ya istilahi. Bango kitita likiandikwa kwa Kiswahili, kwa maneno yaleyale aliyoyatumia mchangiaji, kila mtu anaweza kulisahihisha.

5.0 Mkuu Ukumbini

Swali la iwapo mkuu awepo au asiwepo halina jibu moja. Asipokuwapo, watu husema zaidi, lakini maamuzi hayana mwenye kuyatekeleza. Akiwapo muda wote, hasemi mtu. Utaratibu wa kawaida wa mkuu kufungua kama mgeni rasmi, kutoa nasaha za dakika 40 kuhusu nidhamu na kuondoka, unakusanya hasara za pande zote mbili. Unaofanya kazi vizuri zaidi ni wa mkuu kuonana na mwezeshaji siku moja au mbili kabla, kuelezwa hoja zitakazojitokeza bila majina, na kupewa muda wa kukasirika faraghani. Mkuu anayesikia jambo zito kwa mara ya kwanza mbele ya walio chini yake hujitetea. Aliyelala nalo usiku mmoja huweza kuuliza swali. Siku ya warsha akae kwenye kikundi kama washiriki wengine, azungumze wa mwisho, na kalamu rashasha ishikwe na mtu mwingine.

6.0 Namna Umahiri Unavyopatikana

Kozi za siku tano humpa mtu mazoezi na msamiati. Hazimpi sikio. Sikio hupatikana kwa kuendesha warsha wawili wawili, mmoja akiongoza na mwingine akiwa nyuma ya ukumbi, akiandika nani amesema, mara ngapi, baada ya nani, na nani alifungua kinywa akakifunga. Jioni wawili hao hukaa na daftari hilo, kama walivyokaa watafiti wa New Britain. Mwezeshaji chipukizi aliyeoneshwa kwamba katika saa nzima aliwatazama watu wa upande mmoja wa meza tu hujifunza zaidi ya anayosomewa katika kabrasha. Anahitaji pia kuifahamu kazi ya wanaomlipa. Asiyejua dokezo sabili linavyosafiri hawezi kuuliza limekwama wapi.

7.0 Baada ya Warsha

Taarifa ya warsha inapaswa kuwa fupi na isiyo na majina: maamuzi, mwenye kuyatekeleza kwa cheo chake, na tarehe. Nukuu za washiriki, hata zisizotajiwa wenyewe, zisiwemo, kwa kuwa katika idara ndogo msemo wa mtu ni sawa na saini yake. Ziara ya ufuatiliaji baada ya miezi miwili au mitatu ni sehemu ya kazi, na gharama yake iingizwe kwenye makubaliano ya mwanzo; ikiachwa kuombwa baadaye, haifanyiki.

Katika ziara hiyo, mwezeshaji huanza kwa kuwatafuta wale waliosema, kisha humwona mkuu. Katika utumishi wa umma adhabu ya kusema hutolewa mara chache kwa jina la adhabu. Huja kama uhamisho wa kituo, jina kukosekana kwenye orodha ya safari, au kazi kupewa mwingine. Mwezeshaji hana mamlaka ya kuzuia lolote kati ya hayo. Anachoweza kufanya ni kuweka katika makubaliano sharti kwamba ziara ya ufuatiliaji itawahusu washiriki walewale, kwa orodha ileile, na kwamba taarifa ya pili itaeleza ni nani kwa cheo hakuwapo na kwa sababu gani. Mkuu aliyetia saini sharti hilo kabla ya warsha anajua mapema kwamba kiti kitakachokuwa wazi kitaulizwa.